Karani wa Rufaa na Zile Siku Kumi na Moja

Nianze na mkono wake, kwa sababu uso wake bado naona haya kuukumbuka. Ulikuwa mkono mkubwa, kidole cha kati kimepinda kidogo kwa kushika kalamu miaka mingi, na juu ya ukucha wa kidole hicho palikuwa na doa la wino wa bluu ambalo halikutoka hata Pasaka. Mkono huo ndio aliouweka juu ya ukurasa wa mwisho wa hukumu, akaufunika, ili asione mapema kesi imeishaje.

Ndivyo alivyosoma. Kila Jumamosi alikuja dukani kwangu Chapwa, hapa Tunduma, steshenari ya kompyuta moja na printa mbili ambazo moja ilikuwa mbovu siku zote, akasema, "Mama Upendo, nitafutie kesi." Niliingia mtandaoni zinakowekwa hukumu za rufaa, nikamtolea mbili tatu: ya jinai, ya ndoa, ya madai, yoyote iliyokuja mbele. Alikaa kwenye benchi la barazani, malori ya kwenda mpakani yamepanga foleni mbele yake, akasoma kuanzia jina la mrufani, kidole kinatembea mstari kwa mstari. Nyingine zilikuwa za Kiingereza, akawa anajitafsiria kwa sauti ya chini. Akifika katikati alivua miwani na kutangaza, "Huyu jaji anakwenda kukataa." Au, "Huyu bwana analala kwake leo." Ndipo alipoondoa mkono. Akipatia, hakusema kitu. Akikosea ndipo alipofurahi, akacheka mpaka akakohoa: "Ee! Kanishinda! Mama Upendo, njoo uone alikopitia!" Mimi nina wateja wa picha za pasipoti wamesimama, nitakwenda kuona nini? Nilisema, "Hongera Karani," bila hata kuinua kichwa.

Tulimwita Karani. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kabla sijamjua, akastaafu, cheo kikabaki naye. Watoto walimwita Karani, mchungaji alimwita Karani, hata mkewe alipokuwa hai alimwita Karani mbele za watu. Jina lake sitalitaja. Lilipotakiwa kutajwa kwa wema nilinyamaza, kwa hiyo sasa sina haki ya kulitumia kunogesha maneno yangu.

Kazi yake pale barazani ilikuwa watu walioshindwa. Aliyeshinda kesi haji kwa Karani, anakwenda kunywa soda. Aliyeshindwa alikuja na karatasi yake imekunjwa mara nane, jasho limeingia kwenye mikunjo, akakaa kwenye ncha ya benchi na kuanza kulia. Karani alimwacha alie. Akimaliza, Karani alisema, "Sawa. Hayo yalikuwa ya kwako na Mungu. Sasa tuandike ya jaji."

Hakupenda kuitwa wakili. "Mimi naandika unachosema wewe, ila bila kelele," ndiyo ilikuwa kauli yake. Na mwenye kesi nzito alimfukuza, alimwambia nenda Mbeya ukatafute wakili hasa, hapa kuna mzee tu. Lakini wengi hawakuwa wa kwenda Mbeya. Walikuwa watu wa Momba na Mbozi, wa mahindi na kahawa, na wengine wa ng'ambo ya mpaka, wa Nakonde kule Zambia, wanaosema "mukwai" ya heshima kila baada ya neno. Hao wa ng'ambo aliwasikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akawaambia, "Mama, upande ule kalamu yangu haina wino." Waliondoka wameshukuru utadhani wamesaidiwa.

Aliandika kwa mkono, mimi nikachapa. Alikuwa na ugomvi na maneno ya kujipendekeza. Mtu akitaka aandikiwe kwamba amenyanyasika, ameonewa, analia usiku na mchana, Karani alikata yote. "Machozi hayana aya," alisema. "Jaji anataka kujua hakimu alikosea wapi. Siyo wewe umeumia wapi." Kuna mzee mmoja wa Nanyala aliyenuna kabisa aliposomewa rufaa yake, akasema hii si kesi yangu, kesi yangu ilikuwa ndefu. Karani alimjibu, "Ndefu ulishindwa nayo, baba. Jaribu fupi."

Kuna utingo wa lori aliyefungwa kwa wizi wa mzigo. Mama yake alikuja na mwenendo wa kesi, karatasi nyingi kama za mitihani, Karani akazisoma siku mbili. Siku ya tatu asubuhi alifika kabla sijafungua, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akanionyesha kidole cha wino. "Hati ya mashtaka inasema sukari. Shahidi wa kwanza sukari. Shahidi wa tatu, aliyemkamata, anasema mchele. Magunia ya nini sasa?" Akaandika sababu moja tu ya rufaa. Nikamwambia Karani, moja haitoshi, watu wanaandika kumi. Akasema, "Ukiwa na mguu mmoja mzima, usiombe mkongojo wa kumi." Kijana aliachiwa. Alikuja kumshukuru amebeba mfuko, akamkabidhi, na Karani alipochungulia ndani aliuliza kwa uso mkavu, "Huu ni mchele au sukari?" Tulicheka mpaka madereva wakashuka kuuliza kuna nini.

Tena kuna mume na mke waliokuja kila mmoja kwa wakati wake, asubuhi mke, mchana mume, wote kwa kesi ile ile ya talaka, wote wanataka kukata rufaa. Hakimu alikuwa amegawa vitu na hakuna aliyeridhika. Karani aliwaambia wote warudi Alhamisi saa nne. Wakakutana kwenye benchi langu, wakashtuka, kila mmoja akataka kuondoka. Akawakalisha huku na huku, yeye katikati, akawasomea hukumu yote, pole pole, kila shahidi na alichosema. Alipofika mahali ambapo mtoto wao mkubwa alikuwa ameulizwa anataka kukaa na nani, mkono ukaufunika ukurasa. Hakuendelea. Hakuna aliyekata rufaa. Hawakurudiana pia, msidhani nawapa hadithi ya harusi. Ila waligawana wenyewe, na mume akaacha kupita kwa mke kutukana.

Sasa mtu huyohuyo, jirani yake alisogeza uzio ukala hatua tatu za kiwanja chake, na Karani hakusema neno. Nilimwambia, wewe unawaandikia watu wote, kwako unashindwa nini? Akaniambia, "Nitamshinda, halafu nitamsalimia vipi?" Na alikuwa mtu wa kuchelewa. Misibani alifika watu wananawa mikono. Kanisani aliingia wakati wa matangazo. Mkewe alipokuwa hai alimdanganya saa, alimwambia ibada ni saa mbili kumbe saa tatu, na bado walichelewa.

Lakini siku za kwenye karatasi hakuchezea. Kalenda ya ukutani dukani kwangu ilikuwa yake. Mtu akija na hukumu, swali la kwanza halikuwa umeshindwa kwa nini, lilikuwa, "Ilisomwa lini?" Akahesabu kuanzia kesho yake, akaweka alama ya bluu siku ya mwisho, akaizungushia. Siku thelathini kwa kesi zilizoanzia mahakama ya mwanzo, na aliyepitwa aliumia. Kwa sababu aliyepitwa ilimbidi kwanza aombe kuongezewa muda, na kwenye maombi hayo lazima aapishwe na aeleze kila siku aliyochelewa. Siyo jumla jumla. Kila siku. Karani alikuwa na rundo zima la hukumu za watu waliokosa haki kwa siku mbili ambazo hawakuzieleza.

Aliigeuza kuwa utani. Nikichelewa kufungua duka: "Mama Upendo, eleza kila siku." Binti yangu Upendo akikosa shule wiki nzima kwa mafua, Karani alimkalisha: "Jumatatu ulikuwa wapi? Jumanne? Jumatano umeiruka, jaji ameshaona." Mtoto anacheka, mimi nacheka. Tulicheka sana na jambo hilo.

Basi akaja mama wa Itaka.

Alikuwa mjane, umri wa mama yangu, mfupi, mwenye sauti ya kupanda mwishoni mwa kila sentensi kama wasemavyo Wanyiha. Mumewe alifariki akaacha nyumba na shamba la kahawa. Kahawa ile miche yake aliitoa mwenyewe kitaluni akaibeba kichwani, akaipanda, mume akiwa mgonjwa. Alituhesabia mashimo aliyochimba. Mahakama ya mwanzo ikamteua shemeji yake msimamizi wa mirathi, na shamba likaandikwa kuwa ni la ukoo, mjane apewe mahali pa kukaa tu kwa hisani. Alikwenda mahakama ya wilaya Vwawa, akashindwa tena. Ilikuwa imebaki Mahakama Kuu. Ikimkataa, kahawa inakwenda, nyumba inakwenda.

Karani alisoma hukumu ile na mkono wake juu ya ukurasa wa mwisho, ingawa mwisho wake tulishaujua wote. Akavua miwani. "Hii inashinda," alisema. Sijawahi kumsikia akisema hivyo kuhusu kesi ya mtu aliyekaa mbele yake. Kwa kawaida aliogopa kuwapa watu matumaini. "Hakimu hakuuliza kahawa ilipandwa lini na nani. Hakuuliza kabisa! Mama, shahidi wako alisema, imeandikwa hapa, na hakimu amepita juu yake." Mama wa Itaka akashika kichwa kwa mikono miwili. Mimi pia machozi yalinilenga, nakiri, nikamwambia mama usijali, kuchapa nitakuchapia bure.

Rufaa yenyewe ilipaswa kupokelewa Vwawa, mahakama ileile ya wilaya. Karani aliimaliza zikiwa zimebaki siku tisa. Kurasa mbili za mkono. Mimi nilikuwa nakwenda Vwawa kila Jumatano kuchukua karatasi na wino, na kesi zake nyingi nilizipeleka mimi masijala, nikarudi na nakala iliyogongwa muhuri. Ilikuwa ndiyo desturi yetu. Akanipa mkononi, akaonyesha duara la bluu kwenye kalenda. "Tisa," alisema.

Wiki ile ilikuwa ya mitihani ya majaribio. Shule nne zilinipa kazi. Karatasi zilijaa kaunta, zilijaa sakafuni, kitandani kwangu nyumbani zilijaa. Kurasa za mama wa Itaka niliziweka pembeni ya kompyuta nizichape jioni, kisha mtu akaweka rundo la Hisabati juu yake, na juu ya Hisabati likaja Sayansi. Jumatano sikwenda Vwawa. Nilimtuma mtu aniletee wino.

Zikiwa zimebaki siku tatu Karani alisimama mlangoni akauliza, "Ya mama wa Itaka umepeleka?"

Printa inalia, mwalimu amesimama anasubiri, mimi nimeudhika na kila kitu. Nikasema, "Nimeshapeleka, Karani."

Nilisema hivyo ili aondoke. Niliwaza kesho asubuhi nitachapa, keshokutwa nitapeleka, uongo utakuwa kweli kabla hajajua. Kama ningesema sijapeleka, angezichukua mwenyewe, angepanda gari hata la magunia, angefika. Siku tatu zilimtosha. Nilimnyima siku tatu kwa sababu sikutaka kuonekana mzembe kwa dakika moja. Msinihurumie hapo, sikuwa mgonjwa wala sikufiwa.

Nilisahau. Ndiyo hivyo tu, nilisahau. Mitihani ilipokwisha kukawa na harusi, kadi za mialiko, na duara la bluu likapita ukutani mbele ya macho yangu kila siku na sikuliona.

Karani alikwenda Vwawa kuulizia kama rufaa imepangiwa jaji, wakamwambia hakuna kitu hicho. Alirudi mchana. Hakupiga kelele. Alisimama upande wa wateja, sio upande wake wa benchi, akauliza, "Mama Upendo, uliipeleka siku gani?" Nikaanza kufungua droo, nikainua marundo, nikajifanya natafuta nakala iliyogongwa muhuri, na kumbe nilijua. Zilikuwa chini ya Sayansi. Kurasa mbili, mwandiko wake, moja ina alama ya kikombe cha chai. Aliziangalia, akaangalia kalenda, akahesabu kwa kidole.

"Kumi na moja," alisema. "Umechelewa siku kumi na moja."

Jioni yake aliandika maombi ya kuongezewa muda. Na akaniandikia mimi kiapo. Kwa mkono wake, vizuri kabisa: mimi fulani, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Chapwa, naapa na kueleza kama ifuatavyo. Aliacha nafasi kumi na moja zenye namba, nijaze mwenyewe nilikuwa wapi na nilifanya nini. "Ukweli tu," aliniambia. "Hata kama ni wa kijinga. Jaji anasamehe ujinga uliokiriwa. Wakili atakuapisha, unatia sahihi, basi. Bila hiki, mama hana kitu."

Nikasema, "Nitaangalia, Karani."

Nilikuwa katibu wa umoja wa wanawake kanisani. Nilichapa mitihani ya shule, kazi inayotaka mtu wa kuaminika. Nilijiona nimesomwa mbele ya jaji Mbeya, jina langu lote, mwanamke aliyedanganya mzee huku karatasi za mjane ziko chini ya kikombe. Hukumu zinawekwa mtandaoni; nilijua vizuri kuliko mtu yeyote Chapwa, maana mimi ndiye niliyezitoa. Nikajiambia labda jaji ataelewa bila mimi. Kisha nikafunga duka, nikaenda kwa dada yangu Nakonde, nikakaa wiki nzima. Simu ikawa ya laini ya huko. Alinitafuta, najua alinitafuta, Upendo aliniambia Karani alikuja mara nne akakaa kwenye benchi na duka limefungwa.

Maombi yalikwenda bila kiapo changu. Mama wa Itaka aliapa ya kwake, na Karani aliapa yeye mwenyewe kwamba karatasi zilikaa kwa mtu aliyemwamini. Hakunitaja. Kwa nini hakunitaja sijui hadi leo. Nilidhani ni upole, siku hizi nadhani alisubiri nijitaje.

Uamuzi ulipotoka alikuja Jumamosi, kama kawaida. "Nitafutie," alisema, akanipa namba. Nikautoa. Ulikuwa mfupi. Alikaa kwenye benchi, akaweka mkono juu ya ukurasa wa mwisho, akaanza kusoma. Nilikuwa nyuma ya kaunta nikipanga rula ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alisoma kwa sauti sehemu moja tu, akaitafsiri pole pole: kwamba inasemekana kuna mtu aliyekaa na nyaraka, lakini mtu huyo hakutajwa wala hakuapa, na siku kumi na moja hazina maelezo.

Akavua miwani. "Anakwenda kukataa," alisema. Akaondoa mkono. Alikuwa amepatia, na kama ilivyokuwa desturi yake akipatia, hakusema kitu.

Baada ya hapo maneno yakaenea Tunduma na kupanda mpaka Mbozi kwamba Karani amezeeka, anapoteza karatasi za watu. Yalianzia kwa mtu mmoja, nitafika hapo. Watu wakapungua benchini. Wengine walikuja kuniuliza mimi kama bado anaweza, na mimi nikageuka kuwa mtu wa kuinua mabega. Siku moja hakuja Jumamosi, na iliyofuata hakuja, nikasikia bintiye amemchukua Nanyala. Nilijisikia nafuu. Naandika neno hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nafuu. Benchi nikaliingiza ndani, nikaweka mafaili juu yake.

Mama wa Itaka alitolewa kwenye nyumba. Akapanga chumba huku mjini, akaweka meza ya viazi mviringo barabarani, hatua chache kutoka kwangu. Kahawa anavuna shemeji. Kila asubuhi nikipita ananisalimia, ananiongezea viazi viwili vitatu juu ya fungu, ananiambia, "Chukua mwanangu, wewe ulinichapia bure." Nilivila. Miaka minne nimekula viazi vile.

Juzi juzi Upendo, ambaye sasa ni binti mkubwa, aliniuliza mezani Karani yuko wapi. Nikasema anaumwa. Akasema, "Umekwenda kumwona lini?" Nikachota wali, na mtoto, bila kujua anachofanya, akacheka akasema, "Mama, eleza kila siku." Kijiko kilinishinda. Asubuhi nikatoa hukumu moja mpya, ya madai, sikuangalia hata ya nani, nikaiweka kwenye bahasha na kwenda Nanyala.

Alikuwa uani kwenye kiti, blanketi mabegani, jua la saa nne likimpiga magotini. Macho yamekwisha. Bintiye alisema, "Baba, una mgeni," naye akageuza sikio. Nikasema shikamoo.

"Marahaba. Mama Upendo," alisema. "Umeleta kesi?"

Nikasema nimeleta. Nikamsomea. Nilipofika katikati alinyoosha mkono, ule ule, doa halipo tena, akasema nifunike ukurasa wa mwisho. Nikaufunika. Akawaza, akasema mrufani anashinda. Nikafunua. Alikuwa ameshindwa. Karani akacheka mpaka akakohoa, bintiye akaja mbio na maji, na mimi nikaanza kulia pale pale kwenye kigoda, kilio kibaya chenye sauti.

Aliniacha nilie. Nilipomaliza akasema, "Hayo ni ya kwako na Mungu. Kalamu unayo?"

Nilikuwa nayo.

"Andika nyuma ya hiyo hiyo. Mimi, jina lako lote, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Chapwa, naapa na kueleza kama ifuatavyo."

"Karani, kesi ilikwisha. Baba, haisaidii kitu sasa."

"Ya mahakama imekwisha," alisema. "Hiki utampelekea mama wa Itaka. Ana haki ya kusomewa. Andika siku ya kwanza."

Nikaandika. Siku ya kwanza nilichapa mitihani ya darasa la saba. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, niliimba. Siku ya nne nililala mchana. Niliandika na kumsomea kila mstari, naye alitikisa kichwa, mara moja tu alinisimamisha: "Uliniambia umepeleka. Hilo uliliweka wapi?" Nikarudi juu nikaliweka. Siku ya nane kadi za harusi. Siku ya tisa, kadi za harusi. Siku ya kumi, Jumapili tena, nilikwenda saluni, saa tatu nzima, nimekaa, nasubiri nywele. Siku ya kumi na moja ulikuja ukasimama upande wa wateja.

Nikaweka kalamu chini. "Zimeisha, Karani. Ni hizo kumi na moja."

"Siku ya kumi na mbili ulikuwa wapi?"

Nilijua siku ya kumi na mbili nilikuwa wapi. Yeye hakujua. Mtu pekee duniani aliyejua ni mimi, kwa sababu yule mwingine aliyekuwepo hakujua alichokuwa anakisikia. Kuku walipita kati ya miguu yetu. Nikaokota kalamu, nikaandika, na kwa kuwa macho hana, ilinibidi kusoma kwa sauti:

"Siku ya kumi na mbili mama wa Itaka alisimama mbele ya kaunta yangu. Aliniuliza, mwanangu, Karani ananiambia makosa yametokea upande wetu, upande wetu ni nani? Ni mzee kapoteza? Nikamjibu, ndiyo mama. Ni uzee."

Hakutikisa kichwa. Uso akauelekeza barabarani yanakopita malori, mkono wake ukawa unapapasa goti la blanketi mpaka ukaikuta ile karatasi mapajani mwangu, ukalala juu yake. Nilisubiri anifukuze. Nilitaka anifukuze.

"Ya kumi na tatu," alisema.